Wimbo Kifuani: Jinsi Sauti ya Mama Ilivyorudi Karibu na Mtoto Mdogo

Katika kipindi cha leo nataka tulizungumzie swali ambalo akina mama huniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu. Huuliza: "Sista, naruhusiwa kumwimbia?" Mtoto mwenyewe yuko nasari, ana gramu 1,600, mrija wa maziwa umepita puani, na kofia imemfika karibu na macho. Mama anaogopa kwamba sauti yake itamsumbua mtoto, au kwamba nesi wa zamu atamkemea mbele ya wenzake.

Jibu langu ni ndiyo, mwimbie, na baadaye nitaeleza namna. Lakini mimi hujiuliza swali jingine. Ilikuwaje mpaka mama akafika mahali pa kuomba ruhusa ya kumwimbia mtoto aliyemzaa mwenyewe? Hapo kuna historia ndefu, na imepita mbali sana kabla ya kutufikia sisi wa Nakuru.

Kwanza tuelewane tunaposema uzito mdogo. Mtoto anayezaliwa akiwa chini ya gramu 2,500, yaani kilo mbili na nusu, huyo ana uzito mdogo. Akiwa chini ya gramu 1,500 tunasema uzito wake ni mdogo sana. Wengine huzaliwa kabla ya wiki 37. Wengine wametimiza miezi yao lakini hawakukua vizuri tumboni, labda kwa sababu mama alikuwa na shinikizo la damu, malaria au upungufu wa damu, au kwa sababu walikuwa mapacha. Shida zao zinafanana. Hupoteza joto upesi, huchoka kunyonya, na maambukizi huwapata kwa urahisi.

Lakini masikio yao huanza kazi mapema. Kuanzia karibu na wiki ya 25 ya ujauzito mtoto aliye tumboni huanza kusikia, na anachosikia kila siku ni moyo wa mama, tumbo la mama likinguruma, na sauti ya mama ikipita ndani ya mwili wenyewe. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapima watoto 10 wasiozidi siku tatu tangu kuzaliwa. Walipewa chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasa sauti, hivi kwamba wakinyonya kwa mwendo fulani wanasikia sauti ya mama yao, na wakibadili mwendo wanasikia sauti ya mwanamke mwingine. Watoto wale walinyonya kwa namna ya kuileta sauti ya mama. Hawajamaliza siku tatu duniani na tayari wanachagua!

Nyanya zetu hawakuhitaji kinasa sauti kulijua hilo. Katika eneo letu hili la Bonde la Ufa, mtoto alipokelewa kwa sauti kabla ya kupokelewa kwa nguo. Kwa Wakikuyu, vigelegele vilikuwa vitano kwa mtoto wa kiume na vitatu kwa wa kike, na jirani aliyekuwa shambani alihesabu akajua nani amekuja. Kwa Wakipsigis na Wanandi, wanawake waliyataja majina ya wazee waliotangulia, jina baada ya jina, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililotajwa wakati huo likawa lake, na ndilo linaloitwa kurenet. Baada ya hapo mtoto alikaa mwilini. Alibebwa mgongoni kwa ngozi au kwa ngoi, siku hizi kwa leso, akisikia wimbo wa kusaga, wa kupalilia na wa kubembeleza kupitia mbavu za mama au za dadake mkubwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mambo ya zamani yote yalikuwa mazuri. Watoto wengi wadogo walikufa katika nyumba hizo, na moshi wa moto uliowatia joto uliwaumiza mapafu. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyefikiri kumtenga mtoto na sauti ya mama yake. Wazo hilo lilitoka kwingine, na lilikuja likiwa limeandamana na kitu kizuri.

Kitu hicho ni inkubeta, lile sanduku la kioo lenye joto. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 katika jiji la Paris, Ufaransa, daktari wa uzazi aliyeitwa Stéphane Tarnier alikuwa ameona mashine za kutotolea vifaranga kwenye bustani ya wanyama. Akamwomba fundi wa mashine hizo, Odile Martin, amtengenezee moja ya kuwekea watoto. Vifo vya watoto wadogo katika hospitali yake vikapungua. Mwanafunzi wake, Pierre Budin, akaiendeleza kazi hiyo, na huyu ndiye ninayempenda zaidi katika habari hii, kwa sababu aliliona tatizo mapema. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1900 aliandika kwamba baadhi ya akina mama waliotenganishwa na watoto wao walipoteza hamu nao, na wengine hawakurudi kuwachukua. Kwa hiyo Budin aliwahimiza akina mama waje, wakae, wanyonyeshe. Aliyasema hayo zaidi ya miaka mia moja na ishirini iliyopita.

Wengi hawakumsikiliza. Mtu mmoja, Martin Couney, alizibeba inkubeta hadi kwenye maonyesho, na kuanzia 1903 hadi 1943 alikuwa na ukumbi wake katika Coney Island, New York, mahali pa bembea na michezo. Watu walilipa senti 25 kuingia kuwatazama watoto wadogo ndani ya vioo. Usimcheke haraka. Hospitali nyingi za wakati huo hazikuwa na nafasi ya watoto hao, na Couney hakuwatoza wazazi hata senti. Pesa za watazamaji ndizo zilizolipa manesi na maziwa, na maelfu waliishi. Lakini fikiria picha hiyo: mgeni yeyote mwenye senti 25 alisimama mbele ya kioo kile, na mama wa mtoto alikuwa nje ya kioo vilevile.

Hospitali zilipoanza kujenga nasari zao katika karne ya 20, zilichukua kioo pamoja na hofu ya maambukizi. Mtoto akae ndani na manesi, mama akae wadini, aletwe kwa saa maalum, aangalie, aondoke. Hospitali zetu za Kenya zilifuata mfano wa Uingereza, na desturi hiyo tukairithi pamoja na kofia na aproni. Mimi mwenyewe nilifundishwa usafi wa mikono na upimaji wa joto, mambo muhimu sana, lakini sikumbuki somo lolote juu ya sauti ya mama.

Na nasari si mahali pa kimya. Mashine zinalia, milango inagongwa, mtu anaweka faili au chupa juu ya inkubeta bila kujua kwamba kishindo hicho huongezeka sana ndani ya sanduku. Mwaka 1997 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilionya kwamba kelele inayozidi desibeli 45 katika vyumba hivi ni jambo la kuangaliwa. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili tayari hupita hapo. Kwa hiyo mtoto mdogo alikuwa amepewa kelele nyingi, huku sauti anayoijua ikiwa imeondolewa.

Waliorudisha sauti walianza polepole. Mwaka 1971 utafiti wa Katz ulichapishwa katika jarida la wauguzi huko Marekani. Aliwachezea watoto waliozaliwa kabla ya wakati sauti za mama zao zilizorekodiwa kwenye kanda, akaona wanapiga hatua kuliko wenzao ambao hawakuchezewa. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Jayne Standley wa Chuo Kikuu cha Florida State alitumia chuchu ya kunyonya inayocheza wimbo wa kubembeleza pale tu mtoto anaponyonya. Akiacha, wimbo unakatika. Watoto walionyonya kwa uvivu wakanyonya zaidi. Tafadhali usikimbie dukani kununua chuchu ya plastiki. Hiyo ilikuwa kazi ya wataalamu, kwa watoto waliokuwa wakifundishwa kunyonya. Kwa mtoto wako, ziwa lako linatosha.

Lakini mabadiliko makubwa hayakutoka kwenye kanda wala kwenye chuchu. Yalitoka kwenye umaskini. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, hospitali ya uzazi ilikuwa imefurika. Watoto wawili au watatu walilazwa katika inkubeta moja, wakaambukizana, wakafa, na wengine wakaachwa na mama zao hapohapo, jambo lilelile aliloliandika Budin. Dakta Edgar Rey Sanabria, akisaidiwa baadaye na Héctor Martínez, akaamua kumweka mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kati ya maziwa, amefungwa wima, anyonye maziwa ya mama, na arudi nyumbani mapema akiwa hivyo. Njia hiyo ikaitwa ya kangaruu, kwa mnyama yule wa Australia anayebeba mtoto mfukoni.

Afrika haikuchelewa. Katika hospitali ya misheni ya Manama, kijijini Zimbabwe, hapakuwa na inkubeta. Daktari Nils Bergman na mkunga Agneta Jürisoo walianza njia ya kangaruu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1994 wakachapisha matokeo. Watoto wa chini ya gramu 1,500 waliosalimika walikuwa 10 katika kila 100, wakawa 50. Hakikununuliwa chombo chochote kipya, ila mahali pa kumlaza mtoto palibadilishwa.

Sasa angalia lililotokea kwa wimbo. Mama akishamweka mtoto kifuani, masikio ya mtoto yako juu ya moyo wake. Hakuna haja ya kanda. Akinong'ona, akiguna, akiimba polepole, sauti inaingia kwa njia mbili, kupitia hewa na kupitia mfupa wa kifua, karibu kama ilivyokuwa tumboni. Ndiyo maana nasema wimbo ulirudi kwa mlango wa kangaruu.

Wataalamu wa tiba ya muziki nao hawakulala. Mwaka 2013 Joanne Loewy na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 11 za Marekani, kwa watoto 272 waliozaliwa kabla ya wakati. Hawakutumia redio. Walitumia sauti za moja kwa moja: ala iliyoiga mpigo wa moyo, ala iliyoiga mvumo wa tumboni, na wimbo uliochaguliwa na wazazi wenyewe, ukageuzwa kuwa bembelezi hata kama haukuwa bembelezi. Mapigo ya moyo ya watoto yalitulia, na kunyonya na usingizi vikawa bora, kila ala na kazi yake. Wazazi nao wasiwasi ukapungua.

Hapa ni lazima niwe mkweli, maana si kila utafiti ulitoa jibu tamu. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine uliohusisha familia zaidi ya 200 katika nchi tano, zikiwemo Norway na Kolombia. Waliopata tiba ya muziki hawakuonyesha tofauti kubwa katika uhusiano wa mama na mtoto, wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida. Maoni yangu ni kwamba pale ambapo mama tayari yuko kando ya mtoto siku nzima, wimbo hauna pengo kubwa la kuziba. Kwetu mara nyingi pengo lipo. Hata hivyo, asije mtu kukwambia kwamba wimbo huponya homa ya manjano au huongeza kilo. Hauponyi, na haupandishi mzani peke yake.

Kifua chenyewe ndicho chenye ushahidi mzito. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wa watoto 3,211 wa kati ya gramu 1,000 na 1,799, katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako hospitali iliyoshiriki ni Muhimbili ya Dar es Salaam. Kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, jingine lilisubiri hadi mtoto atulie kwanza. Waliofariki kabla ya siku 28 walikuwa 12 katika kila 100 kwa kundi la kwanza, na karibu 16 kwa kundi la pili. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Mwaka 2022 shirika hilo likashauri kangaruu ianze mapema kwa kila mtoto mdogo, nyumbani au hospitalini, isipokuwa yule mgonjwa sana anayehitaji kwanza kusaidiwa kupumua au kutibiwa mshtuko.

Kwa nini haya yatuguse sisi? Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa 2003 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 33 walifariki kabla ya kutimiza mwezi. Mwaka 2014 wakawa 22, na mwaka 2022 wakawa 21. Angalia hiyo miaka minane ya mwisho, karibu tumesimama palepale, na watoto wa uzito mdogo ni wengi miongoni mwa hao.

Halafu kuna baridi yetu. Mama wa Molo, Kuresoi au Mau Narok anajua kulivyo saa kumi za usiku mwezi wa Julai. Safari ya kutoka huko hadi hospitali ya rufaa ya Nakuru, ile ambayo wengi bado tunaiita PGH, ni ndefu kwa mtoto wa gramu 1,500 aliyefungwa blanketi tu, hata kama ni blanketi nene. Akiwekwa kifuani, ndani ya nguo za mama, anasafiri na joto lake. Tena stima yetu tunaijua. Tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Na mapema mwaka 2008, uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ulipojaa watu waliofurushwa makwao, wapo akina mama waliojifungulia kambini, na katika hema hakuna mahali pa kuchomeka inkubeta.

Lakini baridi si adui wa pekee. Kuna neno moja ninalolisikia sana ninapotembelea nyumba: "Usimzoee." Hulisema shosho au kogo, tena kwa upendo, kwa sababu yeye mwenyewe amewahi kuzika mtoto mdogo na hataki bintiye aumie vilevile. Basi mtoto hapewi jina. Haongeleshwi. Mama anamlisha kwa kikombe huku akitazama ukutani. Nimewaona akina mama wa namna hii, na siwalaumu hata kidogo. Ila mtoto asiyeongeleshwa huwa pia haangaliwi usoni, na asiyeangaliwa usoni hatambuliwi mapema anapobadilika rangi au anapoacha kunyonya. Mama anayeimba huwa amemtazama mtoto. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na haimo katika utafiti wowote niliowatajia.

Basi, namna ya kuimba. Nawa mikono. Mtoto awe kifuani, na kofia, soksi na nepi tu, kichwa kimegeuzwa upande, kidevu kisikunjwe, ufungwe leso imkaze vizuri. Subiri awe ametulia au anasinzia. Anza kwa kuguna tu, bila maneno. Kisha imba taratibu, sauti isizidi ile unayozungumzia na mtu aliye karibu nawe kitandani. Rudia wimbo uleule, maana mtoto hapendi mabadiliko kama sisi. Dakika kumi zinatosha kuanzia. Akitanua vidole, akikunja uso, akipata kwikwi au akigeuka pembeni, amechoka. Nyamaza, mwache akae kifuani. Kama amezaliwa mapema sana, chini ya wiki 30 hivi, muulize kwanza nesi wake, na kuguna kunatosha.

Wimbo gani? Wowote unaoujua tangu utotoni, kwa lugha yako. Nasari zetu za Nakuru zina Kikuyu, Kikalenjin, Kiluo, Kiluhya, Kikisii na Kiturkana chumba kimoja, na sijaona mtoto aliyelalamika. Wa kanisani ni sawa, ila uimbe kama wa kubembeleza, si kama wa keshani. Hujui kuimba? Msimulie ulichopika jana. Lakini simu usiiweke ndani ya inkubeta wala karibu na sikio lake, hata ikiwa chini. Sauti hugonga kuta za kioo na kurudi, na simu haiwezi kujua kwamba mtoto amechoka.

Baba pia ana kifua. Mama akiwa amefanyiwa upasuaji, au anahitaji kuoga na kula, baba avue shati, amchukue mtoto. Sauti yake nzito mtoto ameisikia tangu tumboni, hata kama si kwa wingi kama ya mama. Shosho naye nampa kazi hii makusudi, hasa yule aliyesema asizoewe, na wengi wao wanajua nyimbo ambazo sisi vijana tumezisahau.

Wimbo usikucheleweshe. Mtoto akikataa kunyonya, akipoa miguu na tumbo, akipumua haraka au kwa kuvuta kifua ndani, akiwa na homa, akigeuka manjano viganjani, au akipata degedege, mfunge kifuani na mwende hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Na tarehe za kliniki zilizoandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto zifuatwe, ili apimwe uzito, na uendelee na kangaruu nyumbani mpaka afike karibu gramu 2,500 au aanze mwenyewe kujikunjua na kukataa kufungwa.

Katika kipindi kijacho tutazungumza juu ya kukamua maziwa kwa mkono na kuyahifadhi, kwa mama ambaye mtoto wake bado hawezi kunyonya. Uwe na kikombe safi chenye mfuniko karibu nawe.